Maharagwe yanakufa, lenga-lenga linanawiri, na gunia ni moja: wenye bustani Goma nisaidieni

#1 Mama_Frezi (Goma)

Habarini wandugu. Humu kuna nyuzi nyingi za kulima nyumbani, lakini karibu zote zimeandikwa na watu wenye udongo. Mimi niko Goma, Himbi. Kwa asiyeijua Goma: ukilipiga jembe kwenye parsele yangu (kiwanja) linalia kama umepiga kengele, na jembe ndilo linaloumia. Chini ni jiwe la volkano tupu. Udongo nilionao ulikuja juu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo) kutoka upande wa Kibumba, gunia baada ya gunia, na kila gunia nililipia.

Kwa hiyo nalima kwenye magunia ya mchele na mabeseni yaliyotoboka, nimeyapanga kando ya ukuta. Yapo 14. Ndani kuna lenga-lenga (mchicha), maharagwe ya kupanda juu, vitunguu, seleri, puaro (liki), na miche 20 ya frezi (stroberi) ambayo ndiyo fahari yangu (jina langu mnaliona).

Hadi mwezi wa tano kila kitu kilikuwa kizuri, jirani walikuja kuomba seleri. Tangu mwezi wa sita mambo yamegeuka. Maharagwe yamekuwa ya njano, pembe za majani zinakauka kama zimepitiwa na pasi ya moto, kisha yanakufa. Frezi zimedumaa. Vitunguu vimebaki vidogo kama vya kuchezea watoto. Lakini lenga-lenga, ndani ya gunia lile lile, linacheka! Majani mapana, shina nene. Ingekuwa ugonjwa, ungechagua hivyo? Ingekuwa njaa ya udongo, si wote wangelala njaa?

Naomba msaada kabla mvua haijarudi.

#2 Mkulima_Mjini (Dar es Salaam)

Dada pole. Njano ni nitrojeni. Weka samadi ya kuku, utakuja kunishukuru.

#3 Kinyonga

Umelima juu ya paa la volkano Nyiragongo bila kuomba ruhusa, mwenye nyumba anakata kodi yake.

#4 Papa_wa_Kadutu (Bukavu)

Jambo Mama. Miye niko Bukavu, nalima mu kilima nyuma ya nyumba, mwaka wa kumi huu. Ile ugonjwa naijua. Maharagwe ikianza kuwa ya njano na kudumaa, weka majivu ya makala. Chukua ile ya mbabula (jiko ya makala), chekecha, nyunyiza kuzunguka shina, kisha mwagilia. Wiki tatu utaona majani yanarudi. Kwetu hata shu (kabichi) haifungi kichwa muzuri bila majivu. Ni dawa ya bure, iko jikoni.

#5 Mama_Frezi

Papa, aksanti, lakini majivu naweka kila Jumamosi tangu mwezi wa tano. Jirani alinifundisha kwa ajili ya vidukari. Kila gunia linapata kopo moja la maziwa la majivu. Au niongeze?

#6 Fundi_Mugunga (Goma)

USIONGEZE. Mama, weka kopo chini kwanza.

Nilisomea kilimo, sasa nauza miche, na hii hadithi nimeiona kwenye parsele nyingi za mji huu. Lakini sitaki kukisia. Nijibu haya:

Njano inaanza kwenye majani ya zamani ya chini, au machanga ya juu? Na ni jani zima, au mishipa inabaki kijani?

Maji unayomwagilia yanatoka wapi, na kiasi gani?

Chini ya magunia kuna nini? Maji yakizidi yanatoka?

Pitisha kidole juu ya udongo na kwenye ubavu wa gunia. Kuna ukungu mweupe, kama unga au chumvi?

#7 Mama_Frezi

Umekuwa daktari kweli, hata umeniogopesha.

Majani machanga ndiyo yanaanza. Mishipa inabaki kijani, katikati njano, inafanana na ramani ya mito. Zile pembe za kuungua ziko zaidi kwenye majani makubwa.

Maji: mvua ilipokatika mwezi wa sita, robine (bomba) nayo ikawa inatoa upepo tu. Watoto wanateka ziwani. Bidoni moja ya lita 20 kwa magunia manne, kila siku jioni.

Chini: hapa nilijiona nina akili. Kwa kuwa maji ni ya kubeba kichwani, mwezi ule ule wa sita nilivisha kila gunia sashe nene ya plastiki hadi usawa wa goti, tone lisipotee bure.

Ukungu mweupe: upo. Nilidhani ni kuvu. Kwenye ubavu wa magunia umechora mstari kama wa bahari kwenye mashua.

#8 Kinyonga

"Nilijiona nina akili." Mama, sote tumewahi kuisema hiyo kabla ya msiba.

#9 Fundi_Mugunga (Goma)

Basi tumepata. Andalieni chai, hii itakuwa ndefu.

Anza na maji. Ziwa Kivu si bahari, lakini si maji ya mto pia. Limekaa katikati ya volkano, chini yake kuna chemchemi zinazolilisha madini toka enzi na enzi. Maji yake ya juu yana pH ya karibu 9 (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni uchachu, juu yake ni magadi), na katika kila lita mna kama gramu moja na kidogo ya chumvi mbalimbali: bikaboneti kwa wingi, magnesi, sodiamu, potasi. Mama, usiende maabara, chungulia ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe uliogoma kutoka ndio huo huo unaouona kwenye magunia. Na asije mtu akasema ateke ya robine badala ya ziwa: sehemu kubwa ya maji ya robine za Goma inavutwa kutoka ziwa hilo hilo.

Sasa hesabu. Bidoni moja kwa magunia manne ni lita 5 kwa gunia kwa siku. Siku 70 ni lita 350. Kila lita iliingia na gramu 1.1 hivi. Umetia karibu gramu 385 za chumvi ndani ya kila gunia, zaidi ya theluthi moja ya kilo. Maji yenyewe yameondoka, jua limeyachukua na majani yameyanywa. Chumvi haipandi na mvuke. Inabaki pale pale.

Lakini msimtupie ziwa lawama zote. Maji ya namna hiyo yanakuza mboga vizuri kabisa mradi yakipita. Ukimwagilia hadi yatoke chini, yanatoka na chumvi ya jana. Mwaka jana kiangazi ulitumia maji yapi?

#10 Mama_Frezi

Ya ziwa vilevile, na sikuona shida kubwa! Nilikuwa napoteza maji tu, yanachuruzika hadi mlangoni.

#11 Fundi_Mugunga (Goma)

Hukuwa unapoteza, ulikuwa unaosha. Ile sashe ndiyo iliyofunga mlango wa kutokea. Gunia limekuwa sufuria, nawe unalichemsha magadi polepole.

Halafu majivu. Majivu ya makala yana potasi na chokaa, pH yake inapita 10. Kopo moja kila Jumamosi, juu ya maji ya pH 9, ndani ya udongo wa kokoto za volkano ambao tangu mwanzo haukuwa mchachu. Hapo ndipo ile ramani ya mito inapotokea. Majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani ni njaa ya chuma. Si kwamba chuma hakuna: lile jiwe jeusi la Nyiragongo limejaa chuma. Ila udongo ukishakuwa na magadi mengi, chuma kinajifunga kwenye chembe zake na mzizi haukipati. Mtu amekaa juu ya gunia la unga na mdomo umeshonwa.

Kuhusu nitrojeni aliyosema ndugu wa Dar: ingekuwa hiyo, njano ingeanza chini, kwenye majani ya zamani, maana mmea huhamisha nitrojeni kutoka kwa wazee kuwapa watoto. Chuma hakihamishwi hivyo, ndiyo maana watoto ndio wanaougua kwanza.

Na swali lako zuri, kwa nini lenga-lenga linacheka. Mimea haivumilii chumvi sawasawa. Maharagwe, frezi, vitunguu na karoti ni dhaifu kuliko wote, vinaanza kulia mapema sana. Epinari (spinachi) na betirave (kiazi sukari) vinavumilia zaidi, na lenga-lenga ni mtoto wa mtaa, halichagui sahani. Umepanda mbele ya macho yako kipimo cha chumvi bila kujua. Lingekufa lenga-lenga pia, ningetafuta sababu nyingine.

#12 Papa_wa_Kadutu (Bukavu)

Ndugu yangu Fundi, unanivunjia heshima mbele ya batu. Miaka kumi majivu inaponya bustani yangu. Sikusoma mu vitabu, niliona na macho.

#13 Fundi_Mugunga (Goma)

Hapana Papa, hujavunjiwa. Uko sawa kabisa, huko Bukavu.

Udongo wenu ni ule mwekundu wa vilima, mzee, umeoshwa na mvua hadi chokaa yake imeisha. Ni mchachu. Ndani ya udongo mchachu aluminiamu inayeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na fosforasi inashikwa. Ukiweka majivu unapunguza uchachu, mzizi unapumua, maharagwe yanapona. Mgonjwa wako alikuwa na siki tumboni, ukampa magadi. Mgonjwa wa Himbi amekunywa magadi tangu mwezi wa sita, nawe ukamwongezea kikombe.

Kutoka kwako hadi kwetu ni safari ya meli tu, lakini udongo wenu na wetu si ndugu.

#14 Papa_wa_Kadutu (Bukavu)

Sasa nimeelewa. Njo maana dada yangu wa Keshero alinitukana na ile majivu yangu mwaka jana. Nilisema ni mvivu wa kumwagilia. Nitamutumia sambaza, ile samaki kidogo ya ziwa, nimwombe musamaha.

Lakini nanyi Goma musitulilie sana. Hamuna udongo, sisi tuko nayo mpaka inatukimbia. Mvua moja ya usiku, terasi ya puaro imeshuka kwa jirani wa chini, na jirani anasema ni yake sasa. Nimepanda sitroneli (mchaichai) na majani ya tembo ku mistari ya kukata kilima, mizizi yake njo inashika. Bila ile, hata nyumba ingekuwa mu ziwa.

#15 Mama_Frezi

Nimecheka hadi mtoto kaja kuuliza. Fundi, sasa nifanye nini? Na nimesoma mahali kwamba kuzika misumari yenye kutu kunaleta chuma. Na makapi ya kahawa kunaleta uchachu. Kahawa tunayo.

#16 Fundi_Mugunga (Goma)

Misumari iache kwa fundi mbao. Nimekwisha kusema chuma kimejaa, kimefungwa tu, nawe unataka kuongeza wafungwa. Makapi ya kahawa si mabaya, yakioza yanalegeza udongo, lakini uchachu wake ni mdogo, hayawezi kushindana na miezi mitatu ya majivu. Tupa kwenye lundo la mboji, usiyategemee.

Fanya hivi leo. Chana zile sashe, zote, chini kabisa. Kwangua ule ukoko wa juu, sentimita moja au mbili, utupe nje ya bustani. Kisha osha: bidoni mbili kwa kila gunia, polepole, kidogo kidogo asubuhi nzima, hadi uone maji yanatoka chini kwa muda. Ndiyo, hata kwa maji ya ziwa. Ajabu, lakini maji yenye chumvi kidogo yanaosha udongo wenye chumvi nyingi. Mvua zikianza mwezi wa tisa, hizo ndizo za kumalizia, hazina chumvi ile.

Kuanzia hapo usimwagilie kila jioni kidogo kidogo. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, yatoke chini. Maji yanayochuruzika teka tena umwagie sitroneli, usimwagie frezi. Funika juu ya udongo kwa majani makavu au makapi ya maharagwe ili jua lisinyonye sana. Na weka mboji iliyooza vizuri, kama samadi ya sungura au simbilisi (hao Bukavu wanawaita dende). Samadi mbichi ya kuku usiguse, nayo ina chumvi yake.

Kuna mlingoti wa mawe katikati ya gunia?

#17 Mama_Frezi

Mlingoti gani?

#18 Fundi_Mugunga (Goma)

Ai Mama. Mji mzima ni mawe na wewe hukuweka hata moja!

Chukua kopo kubwa la maziwa, toa kitako, libaki bomba. Lisimamishe katikati ya gunia tupu, lijaze zile kokoto nyeusi nyepesi zenye matundu, jaza udongo kuzunguka, kisha vuta kopo juu, jaza tena. Unarudia hadi juu. Linabaki nguzo ya mawe katikati kama uboho wa mfupa. Maji ukiyamwaga pale yanafika hadi chini badala ya kulowesha juu tu, na zile kokoto zinanyonya na kuachia polepole. Ubavuni toboa matundu kwa kupishana, shubiri moja kati ya tundu na tundu, pandikiza lenga-lenga au puaro humo. Frezi ziweke juu.

Gunia la plastiki jua linalila, baada ya mwaka hivi linachanika lenyewe. Usilivute likiwa limejaa. (Nilivuta. Sisemi zaidi.)

#19 Kipara_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nasoma huu uzi kwa wivu. Huku kwetu Lubumbashi udongo upo, mwekundu, tena udongo wa kichuguu ukiusaga ni mtamu kwa nyanya. Shida yetu ni kiangazi kirefu, mwezi wa tano hadi wa kumi hivi bila tone, na vumbi. Mwenye bustani upande wa zile viwanda vya shaba na kobalti usiulize pH kwanza, uliza upepo unatoka wapi. Sisi nyumbani tumeacha kabisa kupanda mboga za majani karibu na barabara ya malori ya madini, tunapanda maboga na mahindi, na lenga-lenga linaoshwa maji matatu. Lakini kuosha kunaondoa vumbi la juu tu, kilichoingia na mzizi hakitoki. Samahani kwa kuchepuka, endeleeni.

#20 Mama_Frezi

Taarifa ya siku ya nne. Nimechana, nimekwangua, nimeosha. Watoto wamegoma, imebidi niwalipe mandazi kwa kila bidoni. Maji yaliyotoka chini yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na yalipokauka kwenye simenti yaliacha duara jeupe. Nikaona kwa macho yangu.

Sasa jambo lingine linanitesa. Mama mkwe wangu anakaa nasi. Ana maua yake kwenye baraza: drasena mbili ndefu, na yale majani ya mistari yanayoning'inia na kuzaa vitoto kama buibui. Yeye hagusi maji ya ziwa. Anatumia ya mvua tu, ya tangi linalopokea kwenye manjanja (mabati ya paa). Lakini ncha za majani yote ni kahawia, kavu. Nilipomweleza mambo ya chumvi akanitazama akasema: "Na haya yangu nayo, ziwa lilipanda juu ya manjanja?" Nikakosa jibu.

#21 Kinyonga

Mama mkwe 1, Fundi 0.

#22 Fundi_Mugunga (Goma)

Mama mkwe apewe kiti cha mbele, swali lake ni la kitaalamu.

Mvua ya Goma si mvua ya kila mahali. Volkano zetu zinapumua, na ndani ya pumzi hiyo kuna gesi ya salfa na floridi. Mvua ikipita katika moshi huo inakuja na uchachu na floridi. Ndiyo maana mabati upande wa Rusayo na Sake yanaoza mapema, kwa kuwa mara nyingi upepo unausukuma moshi kuelekea magharibi. Kabla ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipokuwa na ziwa la moto ndani ya kreta, moshi ulikuwa wa kila siku. Usiku ule lava ikamwagika hadi kitongoji cha Buhene, ziwa la moto likatoka, na baadaye jivu la kreta iliyobomoka likatuangukia kwenye matangi. Nyamulagira nayo haijawahi kulala kwa muda mrefu.

Mboga nyingi hazijali floridi kidogo. Lakini drasena na yule mmea wa buibui ni wadekaji wakubwa: floridi inasafiri na maji hadi ncha ya jani, maji yanatoka, yenyewe inabaki na kuunguza. Tazama ni ncha tu, si pembe zote. Tofauti na maharagwe yako.

Tiba utacheka. Udongo ukiwa mchachu, floridi inaingia kwa urahisi. Ukipunguza uchachu, inashikwa. Kwa hiyo majivu niliyokunyang'anya kwenye maharagwe, mpelekee mama mkwe kijiko kimoja cha chai kwa kila chungu, mara moja, asirudie hadi mwakani. Na mvua za kwanza za msimu aziache zipite, zioshe manjanja kwanza, ndipo afungulie tangi. Ncha zilizokufa hazifufuki, azikate kwa makasi.

Na kama maji ya tangi hilo watoto wanakunywa, hiyo sababu ya kuacha ya kwanza yapite ni kubwa kuliko maua. Meno ya kahawia ya watoto wa upande wetu yanatokana na floridi, si uchafu.

#23 Papa_wa_Kadutu (Bukavu)

Kumbe majivu imerudi! Nilijua haitashindwa kabisa.

#24 Muzee_Majengo (Goma)

Banangu, miye niko muzee, mutanisamehe Kiswahili. Naona munalilia udongo, acha niseme kidogo.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ile moto ilipita mu mji paka ku ziwa. Nyumba yangu ilizikwa, ikabaki kichwa ya ukuta. Tulikimbilia Gisenyi, kisha tukarudi jiwe ingali moto, mvua ikinyesha inatoa mvuke kama sufuria. Bakatuambia hapa hakuna kitu itaota tena. Nilijenga juu yake, na mawe yake.

Miaka michache, mu nyufa kukatokea kitu ya kijivu, fupi, kama ndevu yangu hii. Inakula jiwe polepole. Nyuma yake ile majani inajikunja ncha kama mkia ya kinyonga. Ikifa inakuwa vumbi nyeusi kidogo, mvua inaiingiza mu ufa. Nikasema basi, udongo inajitengeneza yenyewe, miye nimusaidie. Kila siku maganda ya ndizi, ya viazi, makapi ya chai, majani ya kufagia, nasukuma mu ufa moja kubwa. Nikapiga na nyundo na mutalimbo kupanua. Mwaka wa tano nikapanda papai. Batu balicheka. Ile papai ilizaa paka nikagawa. Leo mu ule ufa kuna avoka, mizizi yake sijui inafika wapi, pengine inafika kwa ile nyumba yangu ya zamani.

Mama Frezi, magunia ni muzuri, lakini tafuta ufa yako pia. Gunia inachanika.

#25 Mama_Frezi

Muzee, shikamoo. Nimesoma hii kwa sauti, nyumba nzima ikanyamaza.

Nimepata wazo. Kule mwisho wa parsele, upande wa ziwa, kuna shimo la asili, kina chake kama urefu wa mtu, lina ufa mkubwa. Majani ya humo ni ya njano siku zote, labda kwa kukosa jua. Nataka kulifanya shimo la mboji, maganda yote yaende humo. Kijana wangu wa miaka 11 ataanza kulisafisha kesho asubuhi na mapema kabla ya jua kali.

#26 Fundi_Mugunga (Goma)

Mama, USIMTUME MTOTO. Jibu kwanza hapa kuwa umesoma.

Shimo, karibu na ziwa, majani ya njano, asubuhi mapema. Hiyo inaweza kuwa mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za ardhi, ni nzito kuliko hewa, inakaa mashimoni kama maji kwenye beseni. Haina rangi, huwezi kuinusa. Ni mbaya zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Imeua mbuzi, imeua watu, upande huu wote wa magharibi hadi Bulengo na Sake. Umewahi kuona mijusi au panzi waliokufa humo?

#27 Muzee_Majengo (Goma)

Fundi anasema kweli. Mutu akianguka mule, mwenzake anashuka kumutoa, babili banabaki. Usishuke, hata na kiberiti ya kupima.

#28 Mama_Frezi

Nimesoma. Mtoto amelala, hatoki. Mijusi iliyokufa, ndiyo, tumewahi kuiona, tulidhani ni paka.

Mikono inanitetemeka kidogo. Asubuhi nitaita mkubwa wa avenue tuweke uzio wa miba.

#29 Fundi_Mugunga (Goma)

Vizuri. Wapigie pia watu wa volkano walioko mjini, wanajua kupima. Mboji Goma inalundikwa juu ya ardhi, mahali palipoinuka penye upepo. Lundo, si shimo.

#30 Mama_Frezi

Narudi baada ya wiki sita, nilikuwa nadaiwa taarifa.

Kule shimoni tumezungushia miba na kipande cha bati chenye rangi nyekundu. Lundo la mboji liko nyuma ya jiko, kuku wanalipekua wanavyotaka.

Mvua zimeanza. Maharagwe ya zamani yalikufa yote, hayakupona hata moja. Niliyopanda upya kwenye magunia yaliyooshwa yana majani ya kijani hadi juu, yameshika kamba. Vitunguu nilikata tamaa nikavila vilevile vidogo na sambaza. Frezi zimebaki 7 kati ya 20, lakini hizo 7 zinatoa vikonyo. Magunia mawili mapya yana mlingoti wa mawe, na kweli maji yanafika chini. La tatu nililivuta likiwa limejaa, kwa hiyo Fundi sasa tuko wawili.

Mama mkwe alikubali kijiko cha majivu, makasi akakataa. Anasema jani la mtu halikatwi kwa sababu ya ncha. Majani mapya ya drasena yametoka bila kahawia, naye anawaambia wageni ni dua zake.

Ufa nimeupata, mdogo, juu karibu na lango, penye upepo. Maganda ya ndizi yanaingia kila siku.

Sasa, kuna mtu Goma mwenye miche ya frezi ya kuuza au kubadilishana na seleri? Ndosho, Katindo, hata Mugunga, nitamtuma mtu wa chukudu.